Barua ya Pili ya Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa na mikono inayojua kitambaa. Ukimpa shuka lenye doa, hakukuuliza limetoka wapi. Alilishika, akalinusa, akalitazama kwenye mwanga, kisha akakuambia mwenyewe: hili ni la chai, hili la kutu, hili la damu. Na kila doa alilijulia dawa yake.

Kwa miaka kumi na mmoja alifua kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini na vinne. Wageni hawakumjua hata sura, lakini wote walilala kwenye mashuka yake. Kisha mwenye nyumba akazeeka, akafunga milango, akaenda kuishi na wanawe. Tangu hapo Mama Pacha alifulia majirani pale pale nyumbani. Asubuhi kamba za uani zilijaa nguo za watu. Mchana meza ya kulia iligeuka meza ya pasi, na familia ikala imekaa mkekani.

Ndani ya nyumba hiyo walikuwa sita. Alikuwepo mumewe, fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Alikuwepo mama mkwe, ambaye maneno alikuwa nayo ya kutosha kwa wote wawili. Walikuwepo mabinti mapacha, wanafunzi wa sekondari. Na chumba cha uani alikaa shemeji yake, fundi wa simu. Mtaa mzima ulimwita Mipango, kwa sababu hakuna shida uliyomweleza akakosa mpango wake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Pacha alijivunia kuliko hata kazi ya mikono yake. Utotoni hakupelekwa shule. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la watu wazima, siku tatu kwa wiki, kwa miaka miwili. Alianza na maneno ya kwenye pakiti ya sabuni. Akaja kwenye vibao vya maduka. Mwishowe akawa anasoma daftari za mabinti zake na kuwauliza mbona wameruka mstari.

Basi siku moja alipita mbele ya hospitali kubwa, akaona karatasi mpya kwenye ubao wa matangazo. Akasimama. Akaisoma, kidole kikitembea juu ya kioo. Hospitali ilitafuta msimamizi msaidizi wa chumba cha kufulia. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitano. Ajue kusoma na kuandika. Barua ya maombi iandikwe kwa mkono. Mwisho wa kupokea barua ulikuwa tarehe kumi na tano.

Alisoma mara tatu. Mara ya kwanza alisoma ili ajue. Mara ya pili alisoma ili ahakikishe. Mara ya tatu alisoma kwa raha tu, kwa sababu kila sharti lililoandikwa pale alikuwa nalo.

Mabinti walitaka kumwandikia barua. Akakataa. Alikaa siku mbili, akaharibu karatasi nne, na ya tano ikatoka safi. Akaambatanisha cheti chake cha darasa la watu wazima na barua ya mwenye nyumba ya wageni iliyosema kuwa alikuwa mfanyakazi mwaminifu. Tarehe sita akavaa gauni lake la kutokea, akaenda hospitali, akaitoa bahasha kwenye dirisha la masjala, yaani ofisi ya kupokelea barua. Karani akaipokea na kuitupia kwenye kikapu pamoja na nyingine. Mama Pacha akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Tarehe kumi na tano ikafika, ikapita. Wiki ikapita. Wiki ya pili ikapita. Simu yake ililia, lakini ilikuwa ni watu wakiulizia nguo zao. Wiki ya tatu akaanza kuitazama simu kama mtu aliyemkosea.

Hakumwambia mtu kilichokuwa kikimsumbua. Haikuwa kazi peke yake. Ilikuwa barua. Akilini alikuwa kama anamsikia karani akimwita mwenzake, wakaifungua bahasha, wakautazama mwandiko wake wa mviringo, mkubwa kama wa mtoto wa darasa la pili, wakacheka. Mtu anapojifunza kuandika ukubwani, akaandika barua ya kwanza ya maisha yake, halafu asijibiwe, kimya kile humwambia mambo mengi mabaya. Hata darasani alikuwa ameacha kwenda kusalimia.

Nyumbani kila mtu alikuwa na shauri lake. Mumewe alisema wasubiri, wenye kazi wakimtaka watamwita. Mama mkwe alisema ofisini haendi mtu mikono mitupu, apeleke chochote kwa mkubwa wao ili jina lake likumbukwe. Mipango hakutoa shauri. Yeye alitenda.

Siku moja aliingia uani kifua mbele. Alisema amepiga simu hospitali mara tatu kwa asubuhi moja. Alisema amewaamsha. Walikuwa wakimhamisha kutoka simu hii hadi simu ile, lakini hakukubali kukata hadi alipopata mtu wa kumjibu.

"Wakasemaje?" mumewe Mama Pacha akauliza.

Mipango akakuna kichwa. Kifua kikashuka kidogo.

"Wamesema Mama Pacha hayumo kwenye orodha yao. Wametafuta, hayumo. Shemeji, usijali, nina mpango mwingine."

Mama Pacha alikuwa ameshika pasi. Akaiweka pembeni, akakunja shati alilokuwa akilinyoosha, akaingia ndani. Hakulia. Alikaa tu kitandani akiitazama mikono yake. Kumbe hawakumnyima kazi tu. Hata kwenye orodha hawakumwandika.

* * *

Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa mwanamke mmoja mtu mzima, aliyestaafu. Alikuwa karani wa ofisi kwa miaka ishirini na minane, na hadi leo watu walimwita Bi Karani. Alipenda vitu vikae mahali pake. Viatu vyake mlangoni vilipangwa kama askari kwenye gwaride. Kesho yake asubuhi Mama Pacha alimpelekea mapazia aliyomfulia.

Bi Karani akayapokea, akayatazama, kisha akamtazama aliyeyaleta. Akamvutia kiti. Akasema mapazia yametakata lakini aliyeyafua amefubaa, kuna nini?

Mama Pacha akamsimulia yote. Tangazo, karatasi nne zilizoharibika, kikapu cha masjala, wiki za kimya, na simu za Mipango. Akamalizia na orodha ambayo hakuwemo.

Bi Karani hakumpa pole. Alimuuliza swali.

"Huyo shemeji yako aliuliza kwa jina gani?"

"Jina langu. Mama Pacha."

"Na kwenye barua uliandika nani? Mama Pacha?"

Kwenye barua alikuwa ameandika jina lake kamili, yote matatu, kama lilivyo kwenye cheti. Jina ambalo mtaani hakuna aliyelitumia. Alipofikiri vizuri, hakuwa na hakika kama Mipango alilijua.

"Basi hata mimi ningekuwa pale ningemjibu hayumo," Bi Karani akasema. "Mwanangu, hujakataliwa. Hujaulizwa bado."

Kisha akaanza kumweleza jinsi ofisi zinavyofanya kazi, na alieleza kama mtu anayepanga faili. Alisema katika miaka yake yote amefungua maelfu ya bahasha, na kimya cha ofisi mara nyingi hakina maana ambayo mwombaji anaipa. Nafasi moja inaweza kuletewa barua mia mbili. Mkubwa anasafiri. Kikao kinaahirishwa. Karatasi inashikamana na karatasi nyingine. Wakati mwingine mwombaji mwenyewe amekosea anwani au namba. Hakuna anayekaa kucheka mwandiko wa mtu, kwa sababu hakuna mwenye nafasi hiyo.

Akasema mwombaji anayo haki ya kuuliza. Kuuliza si kuomba-omba, na si ukorofi, mradi uulize kwa wakati wake na kwa adabu. Kwanza, ngoja tarehe ya mwisho ipite. Kama tangazo halikusema majibu yatatoka lini, wape wiki mbili zaidi. Wewe wiki hizo umeshazimaliza na chenji. Pili, uliza mwenyewe. Usitume mume, wala kaka, wala shemeji mwenye mipango, kwa sababu anayeajiriwa ni wewe, nao wanataka kukusikia wewe. Tatu, uliza mara moja, kisha uwape nafasi ya kujibu. Mtu anayepiga simu mara tatu kwa asubuhi moja wanamkumbuka, lakini kwa namna ambayo hataipenda.

Mama Pacha akamweleza shauri la mama mkwe. Uso wa Bi Karani ukakaza.

"Hilo likome kabisa. Ukimpelekea mtu wa ofisi zawadi ili akupe kazi, hiyo ni rushwa. Nimeona watu wazuri wakifutwa kwa ajili hiyo. Wewe una kazi mikononi. Unahonga ili iweje?"

Mama Pacha akaomba amwandikie barua ya kufuatilia, maana mwandiko wake Bi Karani ulikuwa kama wa mashine. Bi Karani akamletea kalamu na karatasi, akaviweka mbele ya Mama Pacha, si mbele yake mwenyewe.

"Barua ya kwanza wameusoma mwandiko wako. Ya pili wakiona wangu watajiuliza yupi kati yetu anaomba kazi."

Waliifanyia kazi asubuhi yote. Mama Pacha alitaka kueleza kuwa nyumba ya wageni imefungwa, kwamba mabinti wanasoma, kwamba amesubiri hadi amechoka. Bi Karani alimsikiliza, akasema hayo yote ni kweli, lakini si ya barua hii. Barua ya kufuatilia ni fupi. Msomaji ajue haraka wewe ni nani, uliomba kazi gani, lini, na unauliza nini. Basi. Usilaumu, usilalamike. Mwishowe ikawa hivi:

"Kwa Afisa Utumishi.

Yah: Kufuatilia maombi ya kazi ya msimamizi msaidizi wa chumba cha kufulia.

Tarehe sita mwezi uliopita niliwasilisha maombi ya kazi iliyotajwa hapo juu, pamoja na cheti changu na barua ya mwajiri wangu wa zamani.

Naomba kwa heshima kujua maombi yangu yamefikia hatua gani. Bado naitaka kazi hii, na niko tayari kuleta karatasi nyingine yoyote itakayohitajika.

Nashukuru kwa muda wenu."

Chini akaandika jina lake kamili, yote matatu, na namba ya simu. Bi Karani akavaa miwani, akainama juu ya namba ile.

"Hii ni moja au ni saba?"

"Ni moja."

"Umeivalisha kofia ndefu. Moja iwe kijiti kilichosimama. Na usizibananishe namba zako. Andika tatu, acha nafasi, andika tatu tena. Namba ya simu nayo inahitaji kupumua."

Mama Pacha akaiandika barua upya, namba zikapumua. Kisha akaandika nyingine iliyo sawa na hiyo. Bi Karani alimwambia azipeleke zote mbili masjala, amwombe karani kwa upole aigonge muhuri hii iliyonakiliwa na kuirudisha. Hiyo itakuwa nakala yake. Akiulizwa siku yoyote kama kweli alileta, muhuri utamjibia.

Akamfundisha na simu. Kama zikipita siku nne au tano za kazi bila jibu, apige mara moja. Asipige Jumatatu asubuhi, watu wana mambo yaliyolala tangu Ijumaa. Asipige saa ya chakula, wala wakati watu wanafunga madroo. Apige mahali penye utulivu, awe na kalamu mkononi na nakala mbele yake. Aanze kwa salamu, ataje jina kamili, ataje kazi, aulize. Na jibu lolote atakalopewa, hata likiwa baya, ashukuru. Ofisi inayokukosa leo inaweza kukuhitaji mwakani.

Wakafanya mazoezi. Bi Karani alijifanya mtu wa ofisini, tena wa wale wasio na subira. Mara ya kwanza Mama Pacha alisahau kutaja kazi. Mara ya pili alitaja kila kitu kwa pumzi moja. Mara ya nne Bi Karani akasema, "Huyo sasa ningemsikiliza."

Mchana huo Mama Pacha alizungumza na Mipango. Hakumfokea. Alimwambia anajua alitaka kumsaidia, lakini jambo hili alimwachie mwenyewe. Mipango akauliza kwa sauti ndogo, hivi jina lako hasa ni nani, shemeji? Mama mkwe aliyekuwa akichambua mboga alicheka mpaka akaangusha ungo.

* * *

Barua aliipeleka Jumatano. Karani wa masjala alikuwa yule yule. Akaigonga muhuri nakala bila hata kuuliza, kana kwamba ni jambo la kila siku. Mama Pacha akagundua kuwa ni kweli, lilikuwa jambo la kila siku.

Alhamisi, kimya. Ijumaa, kimya. Jumatatu alijizuia, akafua mablanketi manne mazito ili mikono yake isipate nafasi ya kushika simu. Jumanne saa nne na nusu asubuhi akaingia chumbani, akafunga mlango, akaweka nakala mbele yake, akapiga moyo konde, akapiga simu.

Aliomba kuunganishwa na ofisi ya utumishi. Sauti ya mwanamke ikaitika. Mama Pacha akasalimu. Akataja jina lake kamili, polepole, jina moja moja. Akasema aliomba kazi ya msimamizi msaidizi wa chumba cha kufulia tarehe sita mwezi uliopita, na Jumatano iliyopita alileta barua ya kufuatilia. Alipenda kujua maombi yake yamefikia wapi.

Upande wa pili karatasi zikasikika zikipekuliwa. Mama Pacha akaiweka kalamu tayari.

"Ni wewe?" sauti ikasema. "Sisi tumekutafuta wiki nzima. Kila tukipiga, namba haipatikani."

Afisa utumishi akamweleza. Jina lake lilikuwa miongoni mwa watu sita waliochaguliwa kuja kufanyiwa usaili, yaani kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Wenzake watano walishapewa taarifa. Yeye walimpigia hadi wakachoka, na walikuwa karibu kumfuta. Lakini jana jioni barua yake ya pili ilifika mezani. Afisa alikuwa ameziweka barua mbili sambamba sasa hivi, na ndipo alipoona. Kwenye ya kwanza walisoma saba mahali ambapo palikuwa na moja.

Mama Pacha alifumba macho. Basi mwandiko wake ulikuwa na kosa kweli. Kosa lenyewe lilikuwa kofia ya namba moja. Wiki zote zile alijiona mjinga mzima, na kumbe kilichokosekana ni kijiti kilichonyooka.

"Usaili ni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi," afisa akasema. "Utaweza?"

"Nitaweza. Nakushukuru sana."

"Ila nikuulize. Kuna bwana mmoja wiki iliyopita alipiga simu mara tatu akimtafuta Mama Pacha. Unamjua?"

Mama Pacha akahisi uso ukimchoma. Akaona ni heri akiri kosa kwa sentensi moja. "Ni shemeji yangu. Alipiga bila mimi kujua, naomba radhi kwa usumbufu."

Afisa akaangua kicheko. "Sisi tulimpeleka wodi ya wazazi. Tulidhani mke wake amejifungua mapacha. Manesi walitafuta kitanda kwa kitanda."

Kumbe orodha ambayo Mama Pacha hakuwemo ilikuwa ya waliojifungua wiki ile.

* * *

Alhamisi aliingia chumba chenye meza ndefu na watu watatu. Mmoja alikuwa afisa utumishi, mwanamke mwenye sauti ile ile ya simuni. Wa pili alikuwa muuguzi mkuu. Wa tatu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, mzee mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Huyo Mama Pacha alimwelewa kabla hajafungua mdomo.

Wakamuuliza kuhusu doa la damu. Akasema maji ya baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto hulipika doa likaganda kwenye nyuzi. Wakamuuliza kuhusu mashuka ya wodi ya wagonjwa wa kuambukiza. Akasema hayachanganywi na mengine, wala hayakung'utwi, na mtu asiyashike bila glavu. Wakamuuliza angefanya nini kama wafanyakazi wawili wanagombea zamu. Akasema angeandika ratiba, akaibandika ukutani mahali ambapo kila mtu anaiona, kwa sababu neno lililoandikwa halibadiliki kulingana na anayelisimulia.

Mwishowe yule mzee akamsogezea karatasi. Akamwambia aandike maelezo mafupi ya kumkabidhi kazi mtu wa zamu inayofuata: mashine moja ni mbovu, mashuka arobaini yako kwenye maji, na wodi ya watoto inasubiri foronya. Mama Pacha akaandika mbele ya macho yao sita. Mzee akaisoma, akampa muuguzi, muuguzi akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyecheka.

Kabla ya kuondoka aliwashukuru, kisha akauliza lile alilofundishwa na Bi Karani: majibu yatatoka lini? Wakamjibu, ndani ya wiki mbili.

Wiki mbili zikapita. Safari hii kimya hakikumwambia lolote. Alifua, alipiga pasi, na siku mbili alikwenda kuwasalimia wenzake wa darasani. Siku tatu zaidi zilipopita, akapiga simu, mara moja, saa nne asubuhi. Afisa akamwambia barua yake imesainiwa asubuhi hiyo hiyo. Aje kuichukua.

Aliisoma mwenyewe, amesimama katikati ya sebule, familia nzima ikimsikiliza. Aliisoma kwa sauti ya darasani, akipumzika kwenye kila nukta. Miezi mitatu ya majaribio, kisha ajira kamili. Alipomaliza, mama mkwe akamwambia aisome tena, na safari hii asifanye haraka. Mipango alitaka kuupigia simu mtaa mzima, akaomba ruhusa kwanza. Mumewe alichukua msumeno na mbao, na kufikia jioni ubao wa pasi ulikuwa umesimama uani, na meza ya kulia ikarudi kuwa ya kulia.

Jioni hiyo hiyo Mama Pacha alikwenda kwa Bi Karani na barua mkononi. Bi Karani akaisoma kuanzia tarehe hadi muhuri, akaikunja alivyoikuta, akamrudishia. Akamwambia aandike moja ya kushukuru. Mistari mitatu inatosha. Mama Pacha akamwambia ameshaiandika.

Miezi mitatu ya majaribio ikaisha. Chumba cha kufulia kilikuwa na mashine nane, wafanyakazi kumi na wanne, na ukutani ratiba ya zamu yenye herufi kubwa za mviringo. Hakuna aliyelalamika kuwa hazisomeki.

Asubuhi moja mumewe aliponda kidole kwa tofali, wenzake wakampeleka hospitali. Mama Pacha alikuwa akihesabu mashuka, hana habari. Akaingia nesi mmoja, anacheka hadi anashika mlango. Akasema huko chumba cha matibabu kuna fundi mwashi ameketi, kidole kimevimba, daktari anamshona, naye hata haoni maumivu. Analitazama koti la daktari. Ameligusa kwenye upindo wa mkono. Daktari akamuuliza kama kuna tatizo.

"Akajibuje?" Mama Pacha akauliza, ingawa alijua mumewe ni mtu asiyejibu.

"Alisema, 'Hakuna tatizo, daktari. Nakuomba tu uangalie damu isikurukie. Koti hilo limepita mikononi mwa mke wangu.'"

Nesi akaondoka bado anacheka. Mama Pacha alibaki na shuka mikononi. Akalitandaza, akalinyoosha pembe kwa pembe, akalikunja. Kisha akavua aproni, akamwambia msaidizi wake kuwa anatoka dakika kumi, akaliandika hilo kwenye daftari la zamu, na kwenda kumwona mumewe.